Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sera ya Utalii na Umaskini wa Vijiji vya Pwani

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni waalikwa. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya utalii, sera za Serikali, na jinsi umaskini wa watu wa vijijini unavyoweza kupunguzwa kwa njia hiyo. Huenda baadhi yenu mmejiuliza mada ya wachumi na mawaziri inatafuta nini katika mkutano kama huu. Jawabu langu ni kwamba kumwondolea jirani dhiki ni wajibu ambao hakuna kati yetu awezaye kuukwepa, na katika pwani yetu leo dhiki ya jirani na ukuta wa hoteli ni pua na mdomo. Hatuwezi kuuzungumzia umaskini wa Nungwi au Kiwengwa tukajifanya hatuuoni ukuta huo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo walijua wasemalo. Mgeni alipofika, kuku alichinjwa, wali ukapikwa, na watoto wa nyumba hiyo, ambao pengine walilala na muhogo mkavu usiku uliotangulia, nao wakapata kitoweo. Kupona kwa mwenyeji kulikuwa papo hapo, katika sufuria ile ile aliyopikiwa mgeni. Basi swali langu la leo ni jepesi: mgeni wa siku hizi, ashukaye kwa ndege na kupelekwa moja kwa moja hotelini, sufuria yake inapikwa wapi, na ni nani anayekula pamoja naye?

Nitachukua Zanzibar kuwa mfano wangu, kwa sababu wengi wenu mnaifahamu, na kwa sababu habari zake zimeandikwa vya kutosha.

Kama mjuavyo, Zanzibar iliishi kwa karafuu kwa zaidi ya karne moja. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, Serikali ililazimika kutafuta chumo jingine. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kulinda vitega uchumi, mwaka 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii, na milango ikafunguliwa. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2009 walifika wageni takriban 130,000. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, walikuwa zaidi ya 538,000, yaani mara nne. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliifunga dunia na idadi ikashuka hadi chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Lakini mwaka 2023 walipita 630,000, na mwaka 2024 wakapita 730,000. Haya ni mafanikio, wala sikusimama hapa kuyakejeli. Serikali yenyewe hueleza kwamba utalii unachangia karibu theluthi moja ya pato la Visiwa na sehemu kubwa mno ya fedha zake za kigeni.

Sasa tutazame upande wa pili wa daftari. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2009/10 ulionyesha kwamba asilimia 34.9 ya Wazanzibari waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima. Mwaka 2014/15 ilikuwa asilimia 30.4, na mwaka 2019/20 asilimia 25.7. Mtu muungwana hana budi kukiri kwamba hiyo ni nafuu. Hata hivyo hesabu hii yataka kusomwa kwa utulivu. Wageni walizidi mara nne, na umaskini ukapungua kwa pointi tisa. Aidha watu nao wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Robo ya watu wengi yaweza kuwa sawa na theluthi ya watu wachache, kwa hiyo hesabu ya vichwa vya maskini haikushuka kama asilimia ilivyoshuka. Tena nafuu yenyewe haikugawanyika sawa. Pemba, kisiwa chenye ardhi nzuri na hoteli chache, kilionekana katika tafiti hizo kuwa na umaskini mkubwa kuliko ule wa Unguja.

Fedha zote hizo zinakwenda wapi?

Mtalii wa hoteli kubwa za ufukweni aghalabu hulipa kila kitu kabla hajaondoka kwao. Hulipa Milano au London kwa kampuni ya kule: tiketi ya ndege, chumba, chakula cha mara tatu, vinywaji, hata gari la kumchukua kutoka uwanjani. Afikapo hufungwa ukanda mkononi uwe ushahidi kwamba ameshalipia yote, na tangu hapo hana haja ya kufungua mkoba wake nje ya lango. Pwani ya Kiwengwa iliufahamu utaratibu huu tangu miaka ya 1990, ilipojengewa hoteli za watalii wa Kiitaliano. Sehemu ya fedha hiyo haifiki nchini asilani. Sehemu nyingine hufika kisha ikarudi ilikotoka kununua nyama, jibini, mvinyo na samani, na kulipa mishahara ya wakuu wa idara. Utafiti mmoja juu ya biashara ya utalii Zanzibar, uliotolewa mwaka 2010, ulikadiria kwamba sehemu iliyowafikia watu maskini katika mapato ya utalii yaliyobaki Visiwani ilikuwa kama asilimia 10 tu.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo utalii ulivyo kila mahali, na hakuna la kufanya. Hawa nawaomba wapande nami Mlima Kilimanjaro kwa dakika chache.

Mwaka 2009 ilitolewa taarifa ya watafiti wa Uingereza waliofuatilia shilingi ya mtalii katika Tanzania ya kaskazini. Waliona kwamba katika fedha zinazotumika nchini kwa safari ya kupanda Kilimanjaro, asilimia 28 ziliishia mikononi mwa watu maskini. Katika safari za kutazama wanyama, katika mbuga zile zile zenye sifa duniani kote, ilikuwa asilimia 18. Ni nchi moja, Serikali moja na mtalii yule yule, ilhali sehemu ya maskini inatofautiana kiasi hicho.

Sababu si huruma ya wenye makampuni, maana biashara ni biashara popote. Sababu ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda mlima bila kiongozi mwenye leseni. Barabara haifiki kileleni, kwa hiyo mizigo lazima ichukuliwe na wapagazi, ambao wenyewe hujiita “wagumu”, na kanuni zimeweka kiwango cha uzito ambacho mpagazi asibebeshwe zaidi yake. Lazima awepo mpishi. Viazi, karoti, mayai na ndizi za kuwalisha watu hao kwa siku tano au sita hununuliwa katika masoko ya Moshi na Arusha, kwa wakulima wa miteremko ile ile. Kwa hiyo mgeni mmoja hawezi kufika kileleni bila kupita katika mikono ya wenyeji kadhaa. Sisemi kwamba wagumu wanaishi peponi: wapo waliopunjwa ujira, na wapo waliopandishwa kwenye baridi kali bila mavazi. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 kumekuwako mradi maalumu wa kuwasaidia na kuwapima waajiri wao. Lakini mlima umetufunza kwamba njia ya fedha hutengenezwa na kanuni, na kanuni ni kazi ya watunga sera.

Turudi pwani, tukaitazame njia hiyo hapa petu, nikianza na ardhi, kwa kuwa ndiyo isiyorudi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali. Mwanakijiji ana haki ya kuitumia, na mwekezaji hupewa kwa mkataba wa ukodi wa miaka mingi. Kwa desturi ya muda mrefu, mwanakijiji anapohamishwa hufidiwa vilivyo juu ya ardhi: minazi yake kadhaa, mikorosho yake kadhaa, banda lake. Ardhi iliyo chini ya minazi, ambayo ndiyo mwekezaji aliyoifuata kutoka ng'ambo, haimo katika hesabu. Mtu hupokea fedha asizowahi kuzishika maishani mwake, akanunua pikipiki au akamaliza nyumba, na baada ya miaka mitatu mjukuu wake anauliza njia ya kushukia pwani iko wapi. Mzee aliyepokea fidia ya mnazi amelipwa mnazi, hajalipwa bahari. Kwa nini kijiji kisiwe mshirika katika mkataba, kikapokea kodi kila mwaka kwa muda wote wa mkataba, badala ya kupokea mara moja na kwisha? Mwekezaji mwenyewe hailipi Serikali mara moja. Hulipa kila mwaka. Anayelipwa mara moja ni yule maskini peke yake.

Na pwani yenyewe si uwanja mtupu kama inavyoonekana katika picha za matangazo. Pwani ina madiko ambapo wavuvi hushusha samaki na kukwamua ngalawa. Ina mashamba. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanzishwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, maelfu ya akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji jirani wameshuka baharini wakati wa bamvua na vijiti vyao na kamba zao. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa fedha ya kwanza waliyoishika isiyopitia mkononi mwa mume. Siku hizi bahari imepata joto, mwani unaoza, na bei haijawahi kuwa ya kujivunia. Katika udhaifu huo mama huyu anakutana na mgeni atakaye kuogelea katika maji yale yale bila kukanyaga vijiti. Pakiwapo mzozo, ni nani atakayesikilizwa? Sera njema ni ile iliyokwisha chora mpaka kabla ya ugomvi: hapa diko, hapa mwani, hapa njia ya wote kushukia pwani, na hoteli baada ya hapo.

Juu ya maji nitasema kwa ufupi, maana takwimu inajisemea yenyewe. Utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ukachapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba mgeni mmoja alitumia maji mara 16 kuliko mwanakijiji. Maji hayo yanatoka chini ya ardhi ile ile ya mawe ambako kisima cha kijiji kimechimbwa, na kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa mno huleta chumvi.

Tuingie sasa jikoni, kwani naona hapa ndipo penye tumaini kubwa zaidi, na ndipo tulipozembea zaidi.

Hoteli nyingi zimejengwa mashariki na kaskazini mwa Unguja, penye ardhi ya mawe isiyoota zaidi ya muhogo na mtama. Ardhi ya rutuba iko katikati na magharibi ya kisiwa, na Pemba. Kwa hiyo mkulima na mnunuzi hawaonani. Katikati yao yupo mchuuzi mwenye gari, na huyu mara nyingi huona ni wepesi kwake kupakia nyanya zilizotoka Bara kwa boti kuliko kuzunguka mashamba 30 kutafuta tenga moja moja. Mkuu wa jiko la hoteli ataka nyanya za ukubwa mmoja, kila siku, hata wakati wa masika, na ataka stakabadhi. Kisha ataka kulipa baada ya siku 30 au 60. Mkulima wa Bambi au Dunga hana stakabadhi, nyanya zake zote huiva wiki moja na nyanya za jirani yake, na ada ya shule haingoji siku 60. Tusimlaumu mpishi, wala tusimlaumu mkulima. Baina yao kuna pengo, na ni nani wa kuliziba kama si sera?

Pengo hili halihitaji elimu ya ajabu. Lahitaji nyumba ya kukusanyia na kupoozea mboga, ushirika unaopanga nani apande lini ili nyanya zisiive zote pamoja, na mfuko wa kumlipa mkulima siku ya kupeleka mzigo, kisha mfuko huo ukasubiri malipo ya hoteli. Lahitaji pia boti ya uhakika kutoka Pemba, kwa kuwa kisiwa chenye udongo na umaskini mwingi zaidi ndicho kilicho mbali zaidi na jiko la mgeni. Nyumba ya kupoozea mboga haizinduliwi kwa ngoma kama hoteli ya nyota tano. Pengine ndiyo sababu hazijajengwa za kutosha.

Ndugu zangu, nilitaja jiko kabla ya ajira kwa makusudi. Ziko familia nyingi za Kiislamu katika vijiji hivi ambazo haziridhiki binti au kijana wao afanye kazi mahali panapouzwa pombe na wageni wanapotembea nusu uchi. Wapangaji wengine husikia jambo hili wakalicheka, wakaliita ujinga au uvivu. Mimi siliiti hivyo. Lakini pia siwezi kuwaambia wazazi hao kwamba wakishafunga mlango wamemaliza kazi. Mtu akikataa riziki ya baa, lazima awepo wa kumwonyesha riziki nyingine, na riziki hiyo ipo: bustani ya mboga, ufugaji wa kuku, uvuvi, useremala, ushonaji wa mashuka na mapazia, ufundi wa mabomba na umeme, uendeshaji wa magari, sabuni na mafuta ya mwani. Hizi zote ni fedha za utalii, ila zimepita mlango wa nyuma, na mlango huo umefunguliwa nusu tu.

Ama wale wanaotaka kuajiriwa hotelini, na ni wengi, kikwazo chao ni lugha na ufundi. Nafasi za mapokezi na uongozi hushikwa na wenye Kiingereza kizuri na vyeti, wengi wao wakitoka Bara, Kenya na ng'ambo, na kijana wa kijiji hubaki na ulinzi na ufyekaji wa bustani, kazi ambayo huachishwa wakati wa masika hoteli zinapofunga. Sipendi kusikia kijana akimchukia ndugu yake wa Bara kwa sababu hii. Aliyejifunza apewe haki yake. Lakini haifai shule iliyo mita 500 kutoka hotelini imalize mwaka haina mwalimu wa Kiingereza anayeweza kukizungumza. Wizara moja imeleta hoteli, nyingine ina shule, na hazisalimiani.

Na wale vijana wa ufukweni tunaowaita mapapasi? Wengi huwaona ni kero tu, wafukuzwe. Hapa nataka tusafiri mpaka Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi ambayo nayo watu wake wengi ni Waislamu, na ambayo kwa muda mrefu imeishi kwa watalii wa Ulaya wajao kwa safari za jumla. Mwishoni mwa mwaka 1999 Serikali yake ilithubutu kupiga marufuku ule utaratibu wa kulipia kila kitu kabla. Marufuku ilidumu kama mwaka mmoja tu kisha ikaondolewa, kwani makampuni ya ng'ambo hayakukubali na nchi ndogo haina nguvu ya kushindana nayo peke yake. Nadhani hilo latufundisha kwamba amri nzito ya mara moja si dawa. Kilichofaulu kilikuwa kidogo na cha kimya kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wauza matunda, wakamua maji ya matunda, wachonga vinyago na waongoza wageni wa ufukweni walikaa meza moja na wenye hoteli. Wakakubaliana juu ya kanuni za adabu, vitambulisho, vibanda safi na zamu za kufanya kazi. Mgeni akaacha kusumbuliwa, akatoka nje ya lango bila hofu, akanunua. Kipato cha wakamua matunda kiliongezeka maradufu. Kikao, vibanda na vitambulisho: gharama yake haifikii bei ya gari moja la mkurugenzi.

Mfano mwingine ni Maldivi, visiwa vya Waislamu katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Hoteli ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa kule mwaka 1972. Sera yao ikawa kuwatenga wageni: kila hoteli kisiwa chake kisichokaliwa na watu, na wenyeji katika visiwa vyao. Kwa njia hiyo walihifadhi mila, lakini fedha nazo zikatengwa. Kwa miaka mingi nyumba za wageni hazikuruhusiwa katika visiwa vinavyokaliwa na wenyeji, mpaka Serikali ilipobadili kanuni mnamo 2009 na 2010. Basi watu wa kawaida wakaanza kugeuza vyumba vyao kuwa nyumba za wageni. Kisiwa cha Maafushi, kilichokuwa kikijulikana kwa gereza lake, kikawa mashuhuri kwa nyumba hizo, na leo zipo mamia nchini kote. Pombe haiuzwi katika visiwa vya wenyeji, na kwa wale watakao kuogelea kwa mavazi ya kwao, visiwa kadhaa vimetenga ufukwe wao maalumu. Mgeni huelezwa hayo kabla hajaja, na bado anakuja. Sisemi kwamba hawana taabu: taka zimekuwa nyingi, na visiwa vidogo vimesongamana. Lakini ile hofu kwamba kijiji cha Kiislamu hakiwezi kupokea wageni bila ama kupoteza heshima yake ama kuwapoteza wageni, watu wa Maldivi wameijibu kwa vitendo.

Nalisema hili kwa sababu tangu mwaka 2021 Zanzibar imekuwa ikivikodisha visiwa vyake vidogo kwa wawekezaji wa hoteli za hadhi ya juu. Pengine kodi yake ni nzuri. Lakini tuangalie tusije tukaingia katika chumba ambacho jirani zetu wametumia miaka 40 kukitafutia mlango wa kutokea. Kisiwa kisichokaliwa na mtu hakina muuza samaki langoni.

Wapo watakaosema: haya yote yahitaji fedha, na Serikali haina. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa kigeni waingiao Zanzibar walitakiwa kukata bima ya Dola 44. Iliamuliwa, ikatangazwa, ikatozwa, na wageni hawakukimbia. Kwa hiyo uwezo wa kumtoza mgeni kitu kidogo kwa shabaha maalumu upo. Ikitengwa hata sehemu ndogo ya tozo zilizopo ipelekwe moja kwa moja katika shehia zenye hoteli na zile zinazolima, kwa hesabu zinazobandikwa ukutani kwa sheha kila mtu azisome, tutakuwa tumeanza. Wala si jambo geni kwetu. Katika msitu wa Jozani, wanakoishi kima punju, sehemu ya ada za wageni imekuwa ikirudi katika vijiji vinavyouzunguka na kwa wakulima ambao mazao yao huliwa na wanyama hao. Mkulima ambaye zamani alimtazama kima kama mwizi alipata sababu ya kumstahimili. Kama kima ameweza kulipia mihogo aliyokula, hoteli nayo yaweza kulipia pwani iliyokalia.

Mwaka 2011 Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein ilizindua kaulimbiu ya “Utalii kwa Wote”. Ni maneno mazuri. Lakini tazameni tunachokihesabu. Taarifa za takwimu hutangaza kila mwezi idadi ya wageni, nchi watokazo, na kama wameingia kwa ndege au kwa boti. Kilo za nyanya zilizonunuliwa kwa wakulima wa Visiwani hazimo. Idadi ya wenyeji waliopandishwa kuwa wasimamizi haimo. Kodi iliyobaki katika shehia haimo. Ninyi vijana mliosoma, mkikutana na Mwakilishi wenu kabla ya Bajeti ijayo, msimuulize wageni watakuwa wangapi, kwani hilo atakuwa nalo kwa ncha ya ulimi. Mwombeni hizo namba tatu, kwa shehia yenu kwa jina. Akisema hana, mwombeni atoe ahadi ya tarehe ya kuwa nazo, na tarehe hiyo iandikwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na naona wapo waliokwisha kuinua mikono, akiwamo mzee wetu mmoja ambaye nahisi ana neno juu ya fidia ya minazi. Ningependa tumsikie yeye kwanza.